Muhali na ushahidi: Mahakama huhukumu kwa kile tunachoipelekea

Katika lugha yetu lipo neno jepesi kulitamka na zito kulibeba, nalo ni muhali. Mtu huona muhali kumdai jirani yake, huona muhali kumkatalia mkwewe, huona muhali kumwambia mzee wake kuwa amekosea. Katika mambo madogo ya kila siku muhali ni sehemu ya adabu. Ndio unaotuwezesha kuishi nyumba kwa nyumba, kuchota maji kisima kimoja na kusimama safu moja msikitini bila ya kugombana kila kukicha.

Lakini muhali huo huo unapoingia katika jinai, hugeuka kuwa ngao ya dhalimu. Zanzibar, ambako neno hili limo midomoni mwa watu kuliko kwingineko, viongozi wa serikali, wanasheria na watetezi wa haki za watoto wamelitaja mara kwa mara kuwa ni miongoni mwa sababu za kesi za udhalilishaji kukwama. Mwaka 2021 ilianzishwa huko mahakama maalumu ya kusikiliza kesi za aina hiyo. Hakimu yupo, mwendesha mashtaka yupo, sheria ipo. Anayekosekana ni shahidi, na shahidi huyo ni mimi na wewe.

Huku Bara neno hilo halitumiki sana, ila maana yake tunayo. Sisi husema "tumemalizana kifamilia", au "mimi sitaki kesi", au "yale hayanihusu". Kauli ni tofauti, matokeo ni yale yale.

Hakimu hakuwepo

Tunapozungumzia mfumo wa haki jinai, fikra zetu huenda moja kwa moja kwa polisi, mahakama na magereza. Tukiona mhalifu ameachiwa, tunauliza polisi wamefanya nini na hakimu amekula nini. Ni nadra kujiuliza sisi tulipeleka nini.

Ukweli ni kwamba hakimu hakuwepo siku ya tukio. Polisi, mara nyingi, hakuwepo pia. Aliyekuwepo ni jirani aliyesikia kilio, mwenye duka aliyemwona mtu akitoka mbio, shangazi aliyeona mtoto amebadilika, mwalimu aliyeambiwa siri. Ibara ya 13 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mkosaji kabla ya kuthibitika kuwa ametenda kosa. Kuthibitika huko ni jukumu la upande wa mashtaka, na ni lazima kufanyike bila ya kuacha shaka yenye mashiko. Shaka ikibaki, faida yake anapewa mshtakiwa. Hiyo ni kanuni njema, na sote tutaitamani siku tutakaposimama kizimbani sisi au watoto wetu. Ila maana yake ni kwamba shahidi asipokuja, shaka hubaki.

Jambo hili si geni katika dini yetu. Imepokewa kwa Ummu Salama (r.a.), katika hadithi iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim, kuwa Mtume (s.a.w.) aliwaeleza watu waliokuja kwake na mgogoro kwamba yeye ni mwanadamu, na huenda mmoja wao akawa hodari zaidi wa kueleza hoja yake, naye akahukumu kwa mujibu wa alichokisikia. Akawaonya kuwa atakayepewa kwa hukumu hiyo haki ya nduguye, basi amekatiwa kipande cha moto. Ndugu msomaji, ikiwa Mtume mwenyewe, anayeteremshiwa wahyi, aliwafundisha watu kuwa hakimu huhukumu kwa kile anachokisikia, hakimu wa wilaya ya leo atajua vipi kile ambacho sisi tumekificha?

Namna kesi inavyokufa

Tuchukue mfano wa kesi ambayo wengi wetu tumeishuhudia kwa sura moja au nyingine. Mtoto wa miaka 11 anamweleza mama yake alichofanyiwa na mtu wa nyumbani: mjomba, mpangaji, au mwalimu wa masomo ya ziada. Mama anamshika mkono hadi kituo cha polisi. Anapewa fomu ya PF3, mtoto anapelekwa hospitali, daktari anaandika alichokiona. Mtuhumiwa anakamatwa. Mpaka hapo, kila kitu kinakwenda.

Usiku wa pili wazee wanafika. Hawaji kwa shari, wanakuja kwa salamu na kwa upole. Wanasema ukoo utafedheheka. Wanasema mtoto ataharibikiwa, hatapata mume. Wanasema mtuhumiwa ana mke na watoto wadogo, nani atawalisha? Kisha wanataja fedha, au shamba, au ahadi ya kumsomesha mtoto. Baba anaona muhali. Mama analia, anazidiwa nguvu. Wiki inayofuata mtoto amepelekwa kwa bibi yake mkoa mwingine.

Wito wa mahakama unapofika, jibu ni kuwa shahidi amesafiri. Kesi inaahirishwa, inaahirishwa tena, na tena. Mwisho mwendesha mashtaka anasimama hana shahidi wa kumleta, na mshtakiwa anatoka. Jioni barazani watu wanasema, "Yule kahonga." Huenda. Lakini rushwa iliyoiua kesi hii haikupokewa mahakamani. Ilipokewa sebuleni kwetu, juu ya mkeka wetu, baada ya Fatiha.

Na yule mtoto? Amejifunza jambo moja ambalo halitamtoka: kwamba alisema kweli, na watu wazima wakaiuza.

Kesi ya jinai si mali ya ukoo

Wengi wanaomalizana hivyo hawajui kuwa wanaingia makosani. Kesi ya madai, kama deni au mpaka wa kiwanja, ni ya wenyewe wawili na wanaweza kusuluhishana wakati wowote. Kesi ya jinai nzito ni ya Jamhuri. Mlalamikaji ndani yake ni shahidi, hana hati miliki ya kesi. Kanuni ya Adhabu inamhesabu kuwa mkosaji yeyote anayepokea au kukubali kupokea manufaa kwa makubaliano ya kuficha kosa, kuacha kushtaki au kuzuia ushahidi. Kwa maneno mengine, wale wazee waliokuja kwa upole, na baba aliyepokea bahasha, wote wana la kujibu.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, katika vifungu vyake vya mwanzo, inampa kila mtu wajibu wa kutoa taarifa polisi, au kwa mtu mwenye mamlaka katika eneo lake, pindi anapojua kuwa kosa la jinai limetendwa au limekusudiwa kutendwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kuwa haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Haikusema mzazi tu. Imesema mwanajamii. Na anayepata wito wa mahakama akaupuuza, mahakama inaweza kuamuru akamatwe na kuletwa. Wito si barua ya mwaliko wa harusi.

Uzito wa jambo lenyewe unaonekana katika adhabu. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, mtu mzima anayetiwa hatiani Tanzania Bara kwa kosa la kubaka hukabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 30, na pale aliyetendewa ni msichana wa chini ya miaka 10, kifungo ni cha maisha. Jambo ambalo taifa limeliwekea adhabu kubwa kiasi hicho haliwezi kuwa dogo kiasi cha kumalizwa kwa mchele na kitenge.

Wapo wanaosema, "Hata tukienda, ushahidi wa mtoto mmoja utafaa nini?" Hilo nalo si sahihi. Sheria ya Ushahidi ya Bara haijaweka idadi maalumu ya mashahidi wa kuthibitisha jambo. Mtoto wa umri wa miaka 14 au chini yake anaweza kutoa ushahidi bila ya kiapo, akiahidi mbele ya mahakama kusema kweli na si uongo. Na katika makosa ya kujamiiana, ushahidi wa mtoto huyo peke yake unaweza kutosha kumtia mtu hatiani, mahakama ikiridhika kuwa anasema kweli. Sheria imemfungulia mtoto mlango. Tunaomfungia ni sisi.

Sitara si kuficha dhulma

Hapa hutokea hoja ambayo lazima ijibiwe kwa heshima, kwa kuwa wanaoileta huileta kwa jina la dini. Husemwa kuwa Uislamu umehimiza sitara, kwamba anayemsitiri Muislamu, Mwenyezi Mungu humsitiri duniani na akhera. Hadithi hiyo ni sahihi, na haifai kuipuuza. Suala ni mahali pake.

Imam An-Nawawi, katika sherehe yake ya Sahih Muslim, ameeleza kuwa sitara inayokusudiwa ni ya mtu asiyejulikana kwa maudhi na ufisadi, aliyeteleza katika dhambi iliyokwisha kupita. Ama aliyezoea maudhi na ufisadi, huyo haifai kusitiriwa, bali jambo lake hufikishwa kwa mwenye mamlaka, kwa sababu kumsitiri kunampa ujasiri wa kuendelea. Mwenye kuingilia mtoto wa watu hakuteleza baina yake na Mola wake. Amevunja haki ya kiumbe mwingine. Methali yetu ya "funika kombe mwanaharamu apite" haina kazi hapo, kwani mwanaharamu hapiti. Huhamia nyumba ya jirani.

Qur'ani Tukufu iko wazi katika mlango huu. Sura ya pili, Al-Baqara, mwishoni mwake, inawataka mashahidi wasikatae wanapoitwa, na aya inayofuata inaeleza kuwa mwenye kuficha ushahidi moyo wake umeingia dhambini. Tuangalie vyema: dhambi imenasibishwa na moyo, kwa kuwa kuficha ni tendo la moyo ambalo hakuna polisi wa kulikamata. Katika Sura An-Nisaa, aya ya 135, waumini wanaamrishwa kusimamisha uadilifu na kutoa ushahidi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, hata ukiwa dhidi ya nafsi zao, wazazi au jamaa zao, awe mtu huyo tajiri au masikini. Jamaa wametajwa kwa jina. Muhali umejibiwa kabla hatujauleta.

Na kisa cha mwanamke wa Makhzumi tunakijua sote. Alikuwa wa kabila lenye heshima miongoni mwa Makuraishi, akaiba, na jamaa zake wakamtuma Usama bin Zaid (r.a.), kipenzi cha Mtume (s.a.w.), akamwombee. Mtume alighadhibika, akawahutubia watu kuwa umma zilizotangulia ziliangamia kwa sababu mwenye cheo akiiba walimwacha na mnyonge akiiba walimwadhibu, na akaapa kuwa hata angekuwa Fatima binti yake asingemnusuru. Wazee wanaokuja usiku wa pili wamebeba ujumbe ule ule aliotumwa Usama. Tofauti ni kwamba Usama aliposikia jibu, aliomba kutakiwa msamaha.

Upande wa pili wa mizani

Ingekuwa dhulma kumaliza makala hii kwa kuhimiza ushahidi bila ya kutaja hatari zake. Raia huivunja mahakama kwa njia tatu: kwa kunyamaza, kwa kusema uongo na kwa kuhukumu mwenyewe.

Ushahidi wa uongo Mtume (s.a.w.) aliutaja pamoja na shirki na kuwaasi wazazi miongoni mwa madhambi makubwa zaidi. Alikuwa ameegemea, akaketi sawasawa, akawa anaurudia mpaka masahaba wakatamani lau angenyamaza. Yupo anayemzulia mtu kosa la ubakaji kwa sababu ya ugomvi wa kiwanja au talaka. Huyo anaweza kumfunga mtu miaka 30, na zaidi ya hapo anamwibia kuaminika mtoto aliyedhulumiwa kweli. Sura Al-Maida, aya ya 8, inakataza chuki juu ya watu isitupeleke kuacha uadilifu. Shahidi, kwa hiyo, asiongeze. Aseme aliyoyaona, aliyoyasikia mwenyewe, na asichokijua aseme hakijui.

Ama kuhukumu wenyewe, tunakuona mitaani. Mtu anapigiwa kelele za mwizi, dakika chache baadaye kuna mawe na tairi. Magazeti huandika kuwa ameuawa na "wananchi wenye hasira kali". Siku ya kutoa ushahidi juu ya mauaji hayo, mtaa mzima haukuona kitu. Watu wale wale walioshindwa kumtaja jirani mahakamani ndio waliopata ujasiri wa kumuua mgeni njiani. Sheria inamruhusu raia kumkamata anayetenda kosa kubwa mbele yake, kwa sharti la kumkabidhi polisi bila ya kuchelewa. Haikumpa ruhusa ya kumpiga, wala ya kuuliza baadaye kama alikuwa ndiye.

Wasomaji wa gazeti hili wana sababu ya ziada ya kulielewa hili. Masheikh wa Jumuiya ya Uamsho wa Zanzibar walikaa mahabusu miaka mingi wakikabiliwa na mashtaka ya ugaidi, hadi mashtaka hayo yalipofutwa na Mkurugenzi wa Mashtaka mwezi Juni 2021. Familia zao zilisubiri muda wote huo ushahidi uletwe mahakamani. Waliolalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika, walisema jambo moja: kama kuna ushahidi uleteni, kama haupo waachieni. Umma uliosema hivyo haufai kuwa umma wa kuficha ushahidi unapokuwa mikononi mwake. Hatuwezi kuudai ushahidi tunaposhtakiwa na kuuzika tunaposhtaki.

"Lakini tumechoka"

Ni kweli kuwa raia anayetimiza wajibu wake hukutana na vikwazo. Hupoteza siku nzima mahakamani, akarudi bila ya kusikilizwa kwa kuwa kesi imeahirishwa. Huombwa nauli ya askari, au karatasi ya kuandikia maelezo. Huogopa ndugu wa mshtakiwa. Malalamiko haya si visingizio, na wenye dhamana wanapaswa kuyajibu.

Hata hivyo, zipo nyenzo ambazo wengi hatujazitumia. Tangu mwaka 2015 ipo sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria wanaotoa ushauri bila malipo. Anayeombwa rushwa anaweza kupiga simu ya bure ya TAKUKURU, namba 113. Na tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Aliyekuwa akisema haendi kwa kuwa lugha inamtisha, hoja hiyo imepungua uzito.

La kufanya nyumbani

Mtoto anapokueleza jambo zito, msikilize mpaka mwisho bila ya kumkemea na bila ya kumtilia maneno mdomoni. Usimuulize mara kumi mbele ya watu kumi. Mwambie kuwa hakukosea kusema.

Akiwa ameumia, matibabu ya dharura yatangulie. Usimwogeshe kabla ya kuonwa na daktari, na nguo alizovaa ziwekwe kavu ndani ya bahasha au mfuko wa karatasi, zisifuliwe. Afikishwe hospitali mapema, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hutakiwa kuanzwa ndani ya saa 72. Katika vituo vya polisi ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Zanzibar vipo vituo vya Mkono kwa Mkono, kikiwemo cha Hospitali ya Mnazi Mmoja, ambako huduma za tiba, polisi na ushauri hupatikana pamoja. Simu ya kusaidia watoto ni 116, na haina malipo.

Unapoandika maelezo polisi, yasome, au usomewe, kabla ya kutia saini. Chukua namba ya kumbukumbu ya taarifa yako. Andika pembeni tarehe, saa na majina ukiwa bado unayakumbuka, maana kesi huchukua muda na kumbukumbu huchakaa. Ukihama, mjulishe mpelelezi unapopatikana. Siku ya kesi fika, hata kama mara iliyopita iliahirishwa.

Na wazee wakija usiku wa pili, wakaribishwe, wapewe chai, waambiwe kwa adabu kuwa jambo hili limeshatoka mikononi mwa familia. Mtume (s.a.w.) alituamuru kumnusuru ndugu yetu akiwa mwenye kudhulumu au mwenye kudhulumiwa. Alipoulizwa atanusuriwa vipi aliyedhulumu, akabainisha kuwa ni kwa kumzuia na dhulma yake. Kumpeleka ndugu yetu mbele ya sheria ni namna ya kumzuia. Hatujamtupa.

Maimamu na walimu wa madrasa wana nafasi yao. Khutba juu ya sitara iende pamoja na khutba juu ya ushahidi. Sheha, mjumbe na mwenyekiti wa mtaa wasigeuze ofisi zao kuwa mahali pa kumalizia kesi za jinai. Na sisi tulio barazani, kabla ya kuuliza hakimu amekula nini, tuulize kwanza nani katika sisi aliitwa kusema akaona muhali.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa mashahidi wa haki, hata pale haki inapopita mlangoni kwetu. Amin.